Seli Zilizojitoa Kwenye Chama

Muulize mtu yeyote aliyesoma kidato cha kwanza Kenya tofauti ya kiumbe chenye seli moja na kiumbe chenye seli nyingi, atakuchorea jedwali. Upande wa kushoto amiba, paramesia na labda hamira. Upande wa kulia mhindi, ng'ombe na binadamu. Huku kidogo, kule kikubwa. Huku hakionekani bila hadubini, kule kinaonekana hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Mwalimu anatia alama, kengele inalia, watu wanaenda lunch na mambo yanaishia hapo.

Jedwali lenyewe halina kosa, ila limeacha nje kitu kikubwa. Ukikusanya amiba milioni moja kwenye ndoo, bado una amiba milioni moja, kila mmoja na shughuli zake. Kinachofanya mwili uwe mwili ni mapatano kati ya seli, na mapatano hayo yana bei. Historia ya jinsi watu walivyokuja kuielewa bei hiyo ni ndefu, inapitia Uholanzi, Ujerumani na Marekani. Lakini kuna kipande chake ambacho kilitokea hapa kwetu, Kampala na Jinja na kando ya Ziwa Victoria, kwenye mataya ya watoto. Kipande hicho hatukufundishwa.

Twende polepole.

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alikata kipande chembamba cha koki, ile inayoziba chupa ya mvinyo, akakitazama kwa hadubini. Aliona vijumba vidogo vitupu vilivyopangana kama masega ya nyuki, akavipa jina la vyumba vidogo. Kiswahili kimelichukua jina hilo mara mbili: kuna seli ya mwilini na kuna seli ya kituo cha polisi. Watu hucheka wakilisikia darasani, lakini maneno hayo mawili ni ndugu kweli. Hooke aliona kuta tu. Wenyeji wa vyumba vile walikuwa wamekufa kitambo.

Aliyewaona wenyeji wakiwa hai alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, kwa jina Antonie van Leeuwenhoek. Hakuwa na digrii. Alisugua lenzi zake mwenyewe, akachota maji ya ziwa, maji ya mvua na hata ukoga wa meno yake, akaangalia. Mle ndani vitu vilikuwa vinaogelea. Mwaka 1676 aliiandikia Royal Society ya London barua ndefu kuhusu viumbe hao, na wasomi wale wakashuku kwamba mzee anawapima akili. Ikabidi Hooke mwenyewe arudie jaribio mwaka 1677. Kumbe ni kweli.

Kwa zaidi ya miaka 150 hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili, vyumba vya Hooke na waogeleaji wa Leeuwenhoek. Mwaka 1838 Matthias Schleiden alisema mimea yote imejengwa kwa seli. Mwaka 1839 Theodor Schwann akasema wanyama vilevile. Mwaka 1845 Mjerumani mwingine, Carl von Siebold, akaongeza kwamba wale wadudu wa majini ni seli moja moja zinazojitegemea. Hapo ndipo swali likazaliwa. Ikiwa seli moja inaweza kutafuta chakula, kukimbia hatari, kutoa taka na kuzaa bila kusaidiwa na mtu, mbona ile iliyo kwenye ncha ya kidole chako haifanyi hivyo? Kwani nani aliizuia?

Daktari Rudolf Virchow alijibu kisiasa. Huyu alikuwa mtu wa vurugu nzuri: mwaka 1848 alisimama kwenye vizuizi vya barabarani mjini Berlin wakati wa mapinduzi, na baadaye akawa mbunge na mpinzani mkubwa wa Bismarck. Kitabu chake cha mwaka 1858 kilieleza kwamba kila seli hutokana na seli nyingine, na kwamba mwili ni kama dola ambamo kila seli ni raia. Ugonjwa, kwa maoni yake, ni raia kadhaa kuharibikiwa, wala si pepo lililoingia kutoka nje.

Dola ni mfano wa Berlin ya wakati ule. Sisi tuna neno linalokaa vizuri zaidi: chama. Si unajua chama kinavyoenda? Watu kumi wanakubaliana, kila mwezi kila mtu anatoa, kuna mweka hazina, kuna faini ya kuchelewa, na kuna yule mmoja ambaye kila mtu anaomba asichukue mkopo wa kwanza halafu azime simu. Chama hakiishi kwa sababu watu ni wengi. Kinaishi kwa sababu kila mmoja amekubali kutofanya kitu fulani ambacho angeweza kukifanya.

Sasa tazama mchango ambao seli hutoa. Chukua seli nyekundu ya damu. Katika kukomaa kwake ndani ya uboho wa mfupa, inakitupa nje kiini chake, yaani ile sehemu yenye maagizo yote ya urithi. Haiwezi kugawanyika tena. Haiwezi kujitengeneza ikiharibika. Imebaki mfuko wa kubeba oksijeni, inazunguka mwilini kwa siku kama 120, halafu inaondolewa. Mwili wako una seli zipatazo trilioni 30, na zilizo nyingi kuliko zote ni hizo. Zimeacha kila kitu ili zifanye kazi moja.

Nyingine hutoa zaidi ya hapo. Mkono wako ulipokuwa unaumbwa tumboni ulianza kama kasia, bapa, bila vidole. Vidole vilipatikana kwa sababu seli zilizokuwa katikati yao zilikufa, kwa utaratibu, kila moja ikijikunja na kujimega vipande ambavyo majirani walivimeza. Mkia wa kiluwiluwi hupotea kwa njia hiyo hiyo anapogeuka chura. Mwaka 1972 watafiti watatu, Kerr, Wyllie na Currie, walikipa kifo hiki jina la Kigiriki linalomaanisha kuanguka kwa majani. Seli inapokea ishara kwamba chama hakikuhitaji tena, na inaondoka bila kupiga kelele.

Amiba hana habari ya mambo hayo. Mwaka 1881 mwanabiolojia Mjerumani August Weismann alisimama mbele ya wenzake akawauliza jambo ambalo linasumbua ukilifikiria usiku. Kiumbe cha seli moja kikigawanyika, aliyekufa ni nani? Kulikuwa na mmoja, sasa wako wawili, na hakuna maiti ya kuzika. Kweli, amiba anaweza kuliwa, kukaushwa na jua au kupikwa chai. Ila hakuna sehemu yake iliyotengwa tangu mwanzo iwe ya kufa. Sisi tumegawanyika. Mayai na mbegu za kiume zina nafasi ya kuvuka kwenda kizazi kijacho, na seli zingine zote, za ngozi, za moyo, za ubongo huu unaosoma, ni za kubaki huku na kuzikwa. Wanasayansi wa baadaye waligundua kwamba mambo ni magumu kuliko alivyodhani, hata hamira huzeeka. Lakini msingi wa hoja yake umesimama: maiti tunayoijua, mwili mzima unaoachwa nyuma, ilikuja pamoja na seli nyingi.

Na chama hicho hakihitaji mamilioni ya miaka kuanza. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, William Ratcliff na Michael Travisano walichukua hamira, hii hii ya mandazi, ambayo ni kiumbe cha seli moja. Waliiweka kwenye chupa za chakula, na kila siku wakahamisha zile tu zilizozama chini haraka. Anayeshikana na wenzake huzama upesi, kwa hiyo aliyeshikana ndiye aliyeendelea kuishi. Ndani ya siku 60 hamira ilikuwa inakua kwa vishada vyenye umbo la chembe ya theluji, binti akikataa kuachana na mama. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2012, kilichoshangaza zaidi ni hiki: katika vishada vikubwa baadhi ya seli zilikuwa zinakufa mapema, na mahali zilipofia kishada kilimeguka na kuwa viwili. Kufa kwao kuliwasaidia waliobaki kuzaana. Siku 60 tu, na tayari kuna wanaolipa.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwamba kila mwili unaishi na hatari mbili. Ya kwanza ni mtu wa nje, anayejitegemea, anayekuja kula mchango wa wanachama. Ya pili ni mwanachama anayekumbuka kwamba anaweza kujitegemea.

Mtu wa nje tunamjua kwa jina. Novemba 1880, mjini Constantine nchini Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa Alphonse Laveran aliangalia damu ya askari mgonjwa akaona kitu kinachotikisa nyuzi zake kati ya seli nyekundu. Kilikuwa kimelea cha malaria, kiumbe cha seli moja. Seli hiyo moja inajua kuishi ndani ya mbu, kujificha kwenye ini la mtu, kutoka, kubisha hodi kwenye seli nyekundu, kuingia, kula hemoglobini, kujigawa na kuipasua nyumba ili watoto wake watafute nyumba nyingine. Weka picha hizo mbili sambamba. Upande mmoja seli inayoweza kila kitu. Upande mwingine seli nyekundu iliyoacha kila kitu ili ikubebee oksijeni, haina hata kiini cha kuitolea amri ya kujitetea. Mama anayekesha Kisumu au Kilifi na mtoto mwenye homa anaitazama tofauti ya viumbe vya seli moja na vya seli nyingi bila jedwali lolote.

Hatari ya pili ilichukua muda mrefu zaidi kueleweka, na hapo ndipo Afrika Mashariki inaingia.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari mwenzake alimwita daktari wa upasuaji Denis Burkitt amwone mtoto wa miaka mitano hivi. Burkitt alikuwa Mwayalandi, mtu wa dini sana, mwenye jicho moja. Lile lingine alilipoteza akiwa mvulana. Mtoto alikuwa amevimba mataya yote, juu na chini, kushoto na kulia. Kama ni usaha, mbona pande zote nne? Kama ni saratani, tangu lini saratani ikaanza mahali pane kwa mpigo? Hakuwa na jibu. Wiki chache baadaye, akiwa ziara ya kazi Jinja, akatupa jicho nje ya dirisha akaona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Burkitt alijua kwamba kitu kikitokea mara moja ni ajabu, kikitokea mara mbili ni ugonjwa. Akamchunguza mtoto yule, akakuta na tumboni kuna uvimbe.

Alianza kupekua rekodi za hospitali akawapata wengi. Mwaka 1958 akachapisha makala. Wataalamu wa kusoma tishu pale Kampala wakaonyesha kwamba uvimbe huu, utokee tayani au tumboni, ni ugonjwa mmoja: limfoma, saratani ya seli zinazolinda mwili. Hebu tulia hapo kidogo. Seli zilizoasi zilikuwa za kikosi cha ulinzi, zile zinazoitwa seli B, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Askari wa chama ndio waliojitoa. Na walijitoa kwa kasi: uvimbe wa Burkitt ni kati ya saratani zinazokua haraka kuliko zote kwa binadamu, seli zake zikiweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto anaenda shule Jumatatu moja, Jumatatu mbili baadaye uso wake haujulikani.

Burkitt alitaka kujua mpaka wa ugonjwa. Alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni barani. Halafu Oktoba 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaingia kwenye gari la mitumba aina ya Ford wakashika njia kwenda kusini, wiki kumi, maili kama 10,000, wakisimama hospitali baada ya hospitali na albamu ya picha mkononi: umewahi kuona huyu? Majibu yakichorwa kwenye ramani yalitengeneza mshipi unaokatiza Afrika ya kati, na mkia unaoshuka pwani ya mashariki. Kando ya ziwa, ndiyo. Pwani, ndiyo. Nyanda za juu zenye baridi, hapana. Kadiri ulivyoenda mbali na ikweta, ndivyo ugonjwa ulivyoshuka kwenye mabonde yenye joto. Alexander Haddow, aliyekuwa anachunguza virusi kule Entebbe, aliitambua ramani hiyo. Ilifanana na ramani ya magonjwa ya mbu. Mwaka 1964 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Kenya, akiwemo Mmarekani Gilbert Dalldorf, waliielekezea kidole malaria yenyewe.

Lakini malaria haiambukizi saratani. Nani aliwafundisha askari kuasi?

Jibu lilipatikana London, na lilipatikana kwa sababu ya ukungu. Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, na kati ya wasikilizaji kulikuwa na kijana mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Alisikia juu ya saratani inayofuata mvua na joto akaamua papo hapo kwamba lazima kuna kirusi ndani. Wakapatana: vipande vya uvimbe vitolewe Kampala, vipandishwe ndege ya usiku, vifike maabara yake. Vilikuja kwa zaidi ya miaka miwili. Epstein aliangalia kwa hadubini ya elektroni, hakuona kitu. Alijaribu kuzikuza seli kwenye chupa, zikafa.

Si ajabu kwamba zilikufa. Tangu mwanzo wa karne watu walikuwa wanajaribu kuishi na seli za miili nje ya miili. Mwaka 1912 Alexis Carrel, daktari Mfaransa aliyekuwa New York, alianza kukuza tishu ya moyo wa kifaranga, na maabara yake ikatangaza kwamba seli hizo haziwezi kufa. Zilitunzwa mpaka 1946, miaka miwili baada ya Carrel mwenyewe kuzikwa. Dunia nzima iliamini. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kule Philadelphia kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika mara kama 50, kisha zinasimama. Hata ukizilisha vizuri na kuziondoa mwilini, bado zinashika katiba ya chama kilichokwisha kuvunjika.

Zisizoishika ni zile zilizojitoa. Mwaka 1951, Baltimore, madaktari walichukua kipande cha saratani ya mlango wa kizazi ya mama mmoja Mmarekani mweusi, Henrietta Lacks, bila kumwomba ruhusa. Mama alifariki Oktoba mwaka huo huo. Seli zake hazikufa. Zinaendelea kugawanyika mpaka leo, zimesambaa kwenye maabara za dunia, na mwaka 1991 wanabiolojia Leigh Van Valen na Virginia Maiorana walipendekeza kwamba zihesabiwe kuwa spishi mpya ya kiumbe cha seli moja. Wenzao wengi hawakukubali. Lakini fikiria kwamba hoja hiyo iliweza hata kuandikwa: seli ya binadamu iliyorudi kuishi kama amiba.

Sasa rudi London, mwanzoni mwa Desemba 1963. Ndege kutoka Uganda ilishindwa kutua kwa sababu ya ukungu ikapelekwa Manchester. Kichupa kilifika maabara kimechelewa, na maji yake yalikuwa machafu kama ya mchele. Kila mtu alijua maana yake: bakteria wameingia, kazi bure. Epstein akachukua tone akaliweka chini ya hadubini kabla ya kulitupa. Hakukuwa na bakteria. Kulikuwa na seli za uvimbe, zimebanduka kutoka kwenye kipande chao njiani, zinaelea moja moja, ziko hai na zina afya. Miaka yote ile alikuwa anajaribu kuzikuza zikiwa zimeshikana, kama tishu. Kumbe zilitaka kuelea peke yake kila moja, kama viumbe vya Leeuwenhoek.

Akaziacha zielee, zikaongezeka. Februari 1964 akaziweka chini ya hadubini ya elektroni, na ndani ya seli mojawapo akakiona kirusi. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la The Lancet tarehe 28 Machi 1964 kwa majina ya Epstein, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr. Kirusi kikaitwa Epstein-Barr, cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Leo picha imekaa hivi. Kirusi hiki, ambacho hakina seli hata moja, huenezwa kwa mate, na watu wazima zaidi ya asilimia 90 duniani wanacho bila shida. Kinajificha ndani ya seli B na kina uwezo wa kuzifanya zisahau kusimama. Malaria inayorudi tena na tena utotoni inazisukuma seli hizo hizo zigawanyike kila msimu wa mvua. Kila mgawanyiko ni nafasi ya kukosea, na siku moja kipande cha kromosomu kinakatika na kuungana mahali pasipo pake, na jeni la kuongeza kasi linabaki limewashwa. Seli moja tu inatosha. Kiumbe cha seli moja kilimsumbua mtoto mpaka seli moja ya mtoto ikaanza kuishi kama yenyewe. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiorodhesha malaria kali ya maeneo ya maambukizi ya kila mara kuwa kitu ambacho yaelekea kinachangia saratani.

Kuna habari njema pia, na nayo ilianzia Mulago. Uganda ya wakati ule haikuwa na mashine za mionzi, na kisu hakikusaidia. Burkitt akajaribu dawa, na akaona uvimbe ukiyeyuka, wakati mwingine baada ya dozi chache. Seli zinazogawanyika kwa pupa ndizo zinazouawa kwa urahisi na dawa zinazoshika mgawanyiko. Baadhi ya watoto walipona kabisa, wakati ambapo sehemu nyingi za dunia saratani ya mtoto ilikuwa hukumu. Mwaka 1967 kituo maalumu cha kutibu limfoma kilifunguliwa pale pale. Ugonjwa huu bado uko Kenya, hasa magharibi na pwani, na bado unatibika. Unachohitaji ni kasi, kwa sababu wenyewe una kasi. Mtoto mwenye taya linalovimba au meno yanayolegea bila sababu hapaswi kuzungushwa kwa mwezi mzima kutoka kwa daktari wa meno hadi kwa mganga hadi kwa duka la dawa. Mwezi mmoja kwa seli hizi ni maisha marefu.

Limebaki jambo moja ambalo jedwali la kidato cha kwanza haliwezi kulibeba. Angalia majina katika hadithi hii. Ugonjwa una jina la Burkitt. Kirusi kina majina ya Epstein na Barr. Hata zile seli zilizoelea kwenye maji machafu, ukoo wao uliitwa EB, herufi za hao hao wawili. Seli za mtoto wa Uganda zikaandikwa jina la wageni kwenye chupa, na mtoto mwenyewe hayumo. Nyumba ya Lacks ilichukua zaidi ya miaka 20 kujua kwamba seli za mama yao zinaishi, na hadi 2023 ndipo warithi wake walipofikia makubaliano na kampuni moja iliyokuwa inaziuza. Huyu wetu hana hata hadithi ya kudai.

Watu hupenda sana mfano wa mwili. Wanasiasa hasa. Taifa ni mwili mmoja, kila mtu kiungo, wengine wajitolee ili mwili uishi. Virchow aliutumia mfano huo kudai haki ya raia, lakini waliokuja baadaye wameutumia kudai raia wafe kimya kama majani. Ndiyo maana tofauti ya seli moja na seli nyingi si ya mtihani tu. Seli ya katikati ya vidole inaweza kuombwa ijimalize bila jina na bila matanga, kwa sababu nje ya mwili haina maisha ya kudhulumiwa. Mtoto si seli. Alikuja Mulago na mtu aliyemshika mkono, ana taya linalouma, ana kaka zake nyumbani. Kipande kilichotoka kwake kimesaidia watu wengi kuliko atakavyoweza mtu kuhesabu, na hilo ni jema. Angalau tungepaswa kujua alikuwa anaitwa nani.